Dark Claw: Shujaa wa Kampuni Mbili

Je, wajua kwamba Batman wa kampuni ya DC na Wolverine wa kampuni ya Marvel waliwahi kuwa mtu mmoja? Jina lake ni Logan Wayne. Usiku huvaa kinyago cha popo na makucha ya chuma huchomoza mikononi mwake, ndiyo maana akaitwa Dark Claw. Adui yake ni Hyena, ambaye ndani yake wamo Joker, adui wa Batman, na Sabretooth, adui wa Wolverine.

Dark Claw alizaliwa Marekani mwaka 1996, biashara ya vitabu vya katuni ikiwa imeporomoka. Walanguzi waliokuwa wakirundika nakala ili waje kuziuza ghali walishatoweka, na Desemba mwaka huohuo Marvel ilikimbilia mahakamani kwa kufilisika. Katika dhiki hiyo Marvel na DC, watani wa jadi, walikubaliana kuwapambanisha mashujaa wao katika mfululizo wa vitabu vinne, kila kampuni ikichapa viwili. Mapambano matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk na Batman akamshinda Captain America, lakini Spider-Man, Storm na Wolverine waliipa Marvel ushindi wa 3 kwa 2.

Kura hupima umaarufu tu. Ufundi wenyewe ulikuja kati ya kitabu cha tatu na cha nne, pale dunia mbili zilipoungana na wasomaji wakakuta madukani vitabu 12 vyenye nembo ya kampuni ambayo haikuwahi kuwepo: Amalgam, Dark Claw akiwa miongoni mwa mashujaa waliochanganywa humo. Sita vilitoka DC, sita Marvel. Mwaka 1997 vikaongezwa 12 vingine.

Tazama kimojawapo, Super-Soldier, kazi ya Mark Waid na Dave Gibbons. Superman alifika duniani akiwa mtoto mchanga ndani ya chombo cha angani. Captain America alikuwa kijana dhaifu aliyetiwa nguvu kwa dawa ya jeshi. Utaziunganishaje hadithi hizo bila kuacha kiraka? Katika kitabu hiki chombo kinaanguka, lakini mtoto aliyemo amekwisha kufa. Wanasayansi wa serikali wanachukua chembe za mwili wake, wanatengeneza dawa, na wanamdunga kijana aitwaye Clark Kent. Kifo kimoja tu, na hadithi mbili zimekuwa moja. Hata Lex Luthor, adui wa Superman, amepata kichwa cha kijani na jina la Green Skull, mfano wa Red Skull anayemwandama Captain America. Kwangu kitabu hiki ndicho bora kuliko vyote, kumpita hata Dark Claw mwenyewe.

Waandishi hawakuishia hapo. Waliipa Amalgam historia ya uongo, kana kwamba imechapa vitabu kwa miongo mingi. Kurasa za nyuma zilijaa barua za wasomaji wa kubuni, wakisifu na kulalamikia matoleo ambayo hayakuwahi kuandikwa. Msomaji alijiona kama mgeni aliyefika barazani mazungumzo yakiwa yamekolea, akitamani kujua yaliyotangulia.

Mashujaa hawa hawawezi kurudi kwa uamuzi wa kampuni moja; lazima zote mbili zikubali. Ndiyo maana vitabu hivyo vilikaa miaka mingi bila kuchapwa upya, hadi mwaka 2024 vilipokusanywa katika buku moja nene. Atakayelipata na aanze na Super-Soldier, na asiziruke zile barua.