Ngitili zilizoirudishia Shinyanga misitu zakabiliwa na shinikizo jipya

YANAPOZUNGUMZWA mabadiliko ya tabianchi nchini Tanzania, macho ya wengi huelekea Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1912 barafu ya kilele chake ilikadiriwa kuwa na ukubwa wa kilometa za mraba 12. Leo imebaki chini ya kilometa mbili za mraba, na mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilionya kuwa itatoweka ifikapo mwaka 2050.

Barafu hiyo ikishayeyuka, hakuna mwanakijiji awezaye kuirudisha. Lakini kusini mwa Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Shinyanga, ipo hazina nyingine ya asili iliyopungua hadi kukaribia kwisha, kisha ikarudishwa na wananchi wenyewe. Hazina hiyo ni ngitili, na sasa inakabiliwa na shinikizo jipya.

Ngitili ni neno la Kisukuma linalomaanisha eneo la malisho na miti lililotengwa na kaya au kijiji. Mvua zinapoanza, eneo hilo hufungwa na mifugo hairuhusiwi kuingia. Majani hukua na kukomaa, na miti hupata nafasi ya kuchipua.

Kiangazi kinapokuwa kikali na nyika kukauka, ngitili hufunguliwa. Kwa desturi, wa kwanza kunufaika walikuwa ndama, ng'ombe wagonjwa na wale waliozeeka, ambao hawana nguvu za kufuata kundi katika malisho ya mbali. Humo humo wananchi hupata kuni, dawa za asili, matunda ya porini, asali na nguzo za kujengea.

Chanzo cha kutoweka

Uharibifu wa misitu ya Shinyanga haukutokea kwa siku moja. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha kampeni ya kupambana na mbung'o, ikiongozwa na Charles Swynnerton, na eneo la Old Shinyanga likawa kituo cha utafiti wa mdudu huyo. Mapori makubwa yalifyekwa ili mbung'o wakose kivuli cha kuishi.

Ardhi iliyofyekwa ilifuatwa na mifugo mingi na mashamba ya pamba. Ng'ombe waliongezeka, miti ikakatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, na udongo ukabaki wazi mbele ya upepo na mvua.

Pigo jingine lilikuja katika miaka ya 1970, wakati wananchi walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Familia nyingi ziliziacha ngitili zilizokuwa karibu na makazi yao ya awali. Mwenyewe alipokuwa mbali, hakuna aliyezilinda.

Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Rais Julius Nyerere aliutaja mkoa huo kuwa jangwa la Tanzania. Ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu mwaka 1986 zilikuwa na ukubwa wa takriban hekta 600 tu.

Visiki vilivyokuwa hai

Mwaka huo huo wa 1986 Serikali ilianzisha Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mradi huo ulipata fedha kutoka Norway na baadaye ushirikiano wa kitaalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF).

Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu na upandaji wa miche. Baadaye wataalamu waligeukia utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tangu zamani. Sababu yake ni rahisi kueleweka: ingawa juu ya ardhi miti ilionekana kuwa imekwisha, chini yake mizizi na visiki vingi vilikuwa bado hai. Kilichohitajika ni kuvizuilia mifugo, moto na shoka, navyo vikachipua vyenyewe.

Ulinzi huo haukutegemea askari wa misitu pekee. Vijiji vilitunga sheria ndogo, na wavunjaji walishughulikiwa na dagashida, baraza la jadi lenye mamlaka ya kutoza faini. Sungusungu nao walisaidia kulinda mipaka.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. HASHI ilipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto katika vijiji 833 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia wilaya kama Bukombe, Maswa, Meatu na Bariadi. Mwaka 2002 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi (IUCN), mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu vijijini wakati huo ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Aina 145 za ndege zilihesabiwa humo, na akina mama waliripoti kuokoa saa kadhaa walizokuwa wakizitumia kutafuta kuni.

Mvuto wa dhahabu

Upande wa magharibi wa eneo hilo ndiko ulipo ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Pembeni yake, katika maeneo kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, maelfu ya wachimbaji wadogo huchimba kwa zana duni.

Wachimbaji hao hutegemea miti kwa namna ambayo mtu wa nje huenda asiitambue. Shimo la uchimbaji, ambalo wenyewe huliita duara, huhitaji kuzungushiwa magogo yanayojulikana kama matimba ili kuta zake zisiporomoke. Magogo hayo huoza kutokana na unyevu, na lazima yabadilishwe. Kadiri duara linavyokwenda chini, ndivyo miti inavyozidi kuhitajika.

Kwa hiyo kupiga marufuku ukataji wa matimba bila kutoa mbadala ni kuhatarisha maisha ya walio chini ya ardhi. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo, kwani mti unaolinda uhai wa mchimbaji ni mti ule ule unaolinda malisho ya mfugaji.

Aidha, machimbo huzaa miji. Watu wanapokusanyika kufuata dhahabu, mahitaji ya mkaa, matofali ya kuchoma na nguzo huongezeka. Pamoja na hayo, ngitili za kaya hugawanywa kila kizazi kinaporithi ardhi. Kipande kinapokuwa kidogo mno kwa malisho, mwenyewe hushawishika kukilima au kukiuza.

Sheria zinazoweza kusaidia zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila za kumiliki ardhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kutangaza na kusimamia misitu yao. Ngitili yenye mipaka iliyopimwa na hati ni vigumu kuimega kuliko ile inayotegemea kumbukumbu za wazee.

Kwa upande wa machimbo, dawa ni kuwa na miti iliyopandwa mahsusi kwa ajili ya matimba, inayokua haraka na kuvunwa kwa zamu, ili mchimbaji asilazimike kuingia kwenye uoto wa asili. Shinyanga ilipata bahati kwamba visiki vyake vilikuwa bado hai mwaka 1986. Vikishang'olewa, vijiji vitalazimika kuanza upya kwa miche, kazi iliyo ngumu zaidi na ya gharama kubwa.