Lori Limetoka Gereji, Haliwaki: Anzia Pale Mkono wa Mwisho Ulipopita

"Bosi, gari limegoma." Mwenye lori yeyote anaijua simu hii ya alfajiri. Jana gari lilitoka gereji, likawaka vizuri, likaegeshwa. Leo mzigo uko juu, dereva anapiga stata mpaka betri zinachoka, na injini haishiki. Kinachofuata mara nyingi ni hasara juu ya hasara: zinanunuliwa betri mpya, kisha stata, mwishowe pampu ya dizeli inang'olewa ikapimwe. Miaka niliyoshika spana imenifunza kuuliza swali moja kabla sijalegeza nati yoyote: kitu gani kiliguswa?

Lori lililoingia gereji likijiendesha lenyewe ni nadra kupata maradhi mapya usiku mmoja. Kuna kitu kilifunguliwa kikafungwa vibaya, au hakikurudishwa kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo mwiteni fundi aliyefanya kazi ile, aitaje hatua kwa hatua, nanyi mfuate njia yake kwa kurudi nyuma.

Ili kujua pa kutazama, inafaa kuelewa injini hii inavyowaka. Dizeli haina plagi za cheche. Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliitumia hewa yenyewe kuwa kiberiti. Katika injini za sasa pistoni huikandamiza hewa mara 15 hadi 22, joto likapita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa humo hushika moto papo hapo. Kumbe mahitaji ni matatu: injini izunguke kwa kasi ya kutosha, dizeli ifike kwenye nozeli, na ifike kwa wakati wake.

Ikiwa stata inalia "tak" halafu kimya, au inazungusha kivivu, msikimbilie kununua betri. Kama injini au giaboksi ilishushwa, tazameni kwanza waya mnene wa eathi unaounganisha injini na chesisi. Husahaulika, au hufungwa juu ya rangi na kutu. Betri mbili za lori la volti 24 zikipimwa wakati stata inazunguka, hazitakiwi kushuka sana chini ya volti 19. Na ikiwa hedi ilifunguliwa, kisha stata inazunguka kidogo na kugota ghafla, acheni mara moja. Huenda maji yamejaa kwenye silinda, na maji hayakandamiziki. Ukilazimisha, utapinda konektingi. Toeni nozeli, mzungushe injini kwa mkono, maji yatoke.

Ikiwa inazunguka vizuri lakini ekzosi haitoi moshi wowote, dizeli haifiki. Kwenye injini nyingi za zamani, tafuteni waya mmoja mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Bila umeme wake pampu imefungwa, hata tenki likifurika. Aliyebadilisha pampu huweza kuuacha ukining'inia. Pale penye kebo ya kuzimia, hakikisheni imerudi mwisho wake.

Ikiwa inatoa moshi mweupe mzito bila kushika, dizeli inafika lakini haiungui. Baada ya kurudisha pampu au gia za mbele, shukuni taimingi. Ikikosewa kwa mzunguko mmoja wa krenki, dizeli humwagwa mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, wakati hakuna hewa iliyokandamizwa ya kuiwasha.

Lakini adui ninayekutana naye zaidi ni upepo. Dizeli haibonyei, ndiyo maana pampu huweza kuisukuma mpaka ifungue nozeli. Upepo hubonyea. Ukiingia kwenye bomba, pampu inaubana na kuuachia, na nozeli hazifunguki. Kila filta ikibadilishwa, upepo unaingia. Fundi hulegeza skrubu ya juu ya filta, akapiga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kisha akafanya hivyo hivyo kwenye pampu kubwa.

Upepo unaorudi baada ya kutolewa ndio unaotesa watu. Gari linawaka mchana, likilala haliwaki. Chanzo huwa upande wa kuvuta, kati ya tenki na pampu ndogo ya kuvuta dizeli, na hapo tundu halidondoshi dizeli: linanyonya hewa. Ukitafuta palipolowa utakesha. Jaribio la uhakika ni dumu. Jaza dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, uunganishe mpira wake moja kwa moja na pampu ndogo, kisha utoe upepo. Injini ikiwaka na kuendelea vizuri, pampu na nozeli hazina kosa. Rudi nyuma kwenye filta ya kutenga maji, mipira na tenki.

Haya ya kulegeza mabomba ni ya injini zenye pampu ya kimekanika. Zile za komoni reli husukuma dizeli kwa presha ya ba 1,600 na zaidi, ilhali tairi la lori hujazwa takriban ba 8. Dizeli ya presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la upasuaji wa haraka. Msilegeze bomba la reli injini ikizunguka. Huko anzeni na plagi za sensa za krenki na kemshafti, kisha mashine ya kusomea hitilafu.

Wakati wote huo, ihurumieni stata: sekunde kumi, kisha ipumzike dakika mbili. Na msipulize etha kwenye injini yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Canter moja niliyoletewa ilikuwa imeshanunuliwa betri na stata, na pampu ilikuwa karibu kung'olewa ikapimwe. Dumu lilipowekwa, iliwaka. Nilipofungua filta ya maji nikakuta mipira miwili ya kuzibia: mpya, na ule wa zamani uliobaki umegandamana juu, mweusi kama chuma chenyewe, umekwepa macho ya kila mtu. Hewa ilikuwa inapita katikati yao.

Tangu siku ile, namwambia kila mwenye gari adai jambo moja kabla ya kulipa: filta ya zamani irudishwe pamoja na mpira wake. Ukipewa filta bila mpira, usiondoke gereji. Unajua mpira uko wapi.