Mwangwi katika simu: namna ya kusikilizana vizuri

Jamaa waliokimbilia Salamabila wakikaa kuizunguka simu moja, spika ikiwa wazi, ili waongee na ndugu waliobaki kijijini au walioko Kasongo, sauti inaweza kurudi-rudi na maneno yakapotea. Hatari si ndogo. Katika Kiswahili, kipande kidogo cha neno kinageuza maana yote: mzee akisema «hatutarudi» na mwanzo ukamezwa, upande wa pili utasikia «tutarudi».

Mwangwi unatoka wapi?

Sauti yako inatokea katika spika ya mwenzako, inaingia katika tundu lake la kusemea, kisha inakurudia. Basi ukisikia sauti yako mwenyewe, kwa kawaida dawa iko upande wa pili. Mwambie mwenzako apunguze spika. Yeye hasikii huo mwangwi, hivyo hawezi kujua usipomwambia.

Mlio mkali kama filimbi ni jambo jingine. Unatokea simu mbili zilizo katika mazungumzo yale yale zikiwa karibu: sauti inatoka moja, inaingia nyingine, inazunguka na kukua. Zitengeni, au mzime moja.

Tena, simu nyingi huzuia mwangwi kwa kufifisha upande mmoja pale watu wawili wanaposema pamoja. Kwa hiyo viongozi wasidhani kwamba ukimya wa upande wa pili ni kukubali. Huenda walikuwa wakipinga, sauti ikakatwa.

Fanyeni hivi:

- Punguzeni spika hadi isikike tu.
- Wekeni simu juu ya kitambaa bila kuziba matundu yake. Meza tupu na kuta tupu hurudisha sauti.
- Anayesema asogelee simu, wengine wanyamaze.
- Mmoja amalize kabla mwingine hajajibu.
- Mwangwi ukizidi, zimeni spika. Mtu mmoja anayeaminiwa na wote asikilize sikioni, kisha awaelezee wengine.
- Kabla ya kukata simu, kila upande urudie kwa maneno yake yale yaliyokubaliwa na yale yaliyokataliwa.

Kurudia huko kunakula uniti. Lakini familia isije ikafunga mizigo na kushika njia ya kurudi kwa sababu ya neno lililosikiwa nusu.