Mchezaji Asiye Halali

Katika soka la England, vilabu 92 vilivyomo katika Ligi Kuu na madaraja matatu yaliyo chini yake ndivyo vinavyotazamwa na ulimwengu. Lakini chini ya hivyo imo bahari ya vilabu vingine, vilivyopangwa ngazi baada ya ngazi, tangu Ligi ya Taifa iliyo daraja la tano hata ligi ndogo za majimbo, ambamo seremala na mwalimu huvaa jezi Jumamosi alasiri na kurudi kazini kwao Jumatatu asubuhi. Waingereza huliita soka hilo kwa kile lisicho nacho, yaani soka lililo nje ya ligi; sisi, ambao mchezo wa namna hiyo twauita wa mchangani, tumeupa jina la mahali unapochezwa, na nadhani katika hilo tumewashinda kwa adabu.

Asidhani mtu kuwa mchezo ukiwa wa chini basi na sheria zake ni chache. Mchezaji hawi halali kwa kuujua mpira. Huwa halali kwa karatasi. Yampasa awe amesajiliwa kabla ya saa iliyowekwa. Asiwe anatumikia adhabu ya kufungiwa. Akiwa ni wa mkopo, klabu yake iwe imetoa idhini na muda wa mkopo uwe haujakwisha. Ikiwa ni mechi ya kombe, asiwe amekwisha kuichezea timu nyingine katika kombe lile lile msimu ule ule. Na ikiwa klabu yake ya mwisho ilikuwa chini ya chama cha soka cha nchi nyingine, chama hicho kiwe kimetoa hati ya uhamisho wa kimataifa. Sharti hili la mwisho huonekana jepesi kuliko yote, nalo limewaponza watu wasio na hila yoyote, kwa sababu katika mambo ya mpira dola ya Uingereza si nchi moja: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina chama chake, na mchezaji atokaye Wales huhitaji hati kama atokaye Brazil.

Mfano ulio mashuhuri ni wa AFC Wimbledon. Klabu hiyo iliundwa mwaka 2002 na mashabiki waliokataa kuifuata Wimbledon ya zamani ilipopewa idhini ya kuhamia Milton Keynes, na katika msimu wa 2006/07 ilikuwa ikicheza daraja la saba. Ikamsajili beki Jermaine Darlington, aliyewahi kuichezea hiyo Wimbledon ya zamani, na ambaye klabu yake ya karibuni ilikuwa Cardiff City. Mtego ulikuwa hapo. Cardiff City hucheza katika ligi za England, juma baada ya juma, na vilabu vya England. Lakini mji wake ni wa Wales, na klabu yenyewe imo chini ya chama cha Wales. Basi beki yule, aliyetoka klabu ya ligi ya England kwenda klabu nyingine ya England, mbele ya sheria alikuwa amevuka mpaka wa nchi, na hati yake haikuombwa.

Hukumu ilikuwa nzito. Wimbledon iliondolewa katika kombe la taifa la vilabu vya madaraja hayo na katika kombe la jimbo lake la Surrey, kisha ikakatwa pointi 18, yaani zote ilizozichuma katika mechi alizocheza mtu huyo. Kilio kikazuka hata Bungeni, rufaa ikapelekwa, na mwisho wa yote zile 18 zikapunguzwa kuwa 3, pamoja na faini ya paundi 400. Pointi zile 15 zilizorudishwa si kitu kidogo: kwazo klabu iliweza kuingia katika mechi za mchujo wa kupanda daraja, ingawa humo ilitolewa.

Hapa yafaa tuipime mizani yenyewe, maana ndani yake mna jambo ambalo wengi hawalioni. Kanuni ya kale ya ligi hizo ni kwamba klabu iliyomchezesha mtu asiye halali hunyang'anywa pointi ilizozipata katika mechi hizo. Kwa kusikia, ni insafu tupu: ulichokipata kwa njia batili, kirudishe. Lakini ifanyie hesabu. Klabu iliyomchezesha mtu wa namna hiyo mara kumi ikafungwa mara zote kumi haipungukiwi pointi hata moja, labda faini. Na klabu iliyomchezesha kwa kosa lile lile, kwa kughafilika kule kule, ikashinda, hupoteza jasho la miezi. Kosa ni moja, adhabu ni mbili, na kinachozitenga si nia ya mkosaji wala ukubwa wa taksiri yake, bali ni ustadi wa wachezaji wengine kumi waliokuwa halali kabisa.

Klabu ya Altrincham iliyaonja hayo msimu mmoja kabla ya Wimbledon. Nayo ilikatwa pointi 18 katika daraja la tano kwa ajili ya mchezaji ambaye hati yake ya kimataifa haikuwapo, ikaangukia katika nafasi za kushuka, na haikuokolewa na rufaa bali na misiba ya jirani: Canvey Island ilijitoa ligini, na Scarborough ikashushwa kwa sababu za fedha. Bahati hiyo iliipenda Altrincham mno, kwani ilinusurika kwa taabu za wengine misimu mitatu mfululizo.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nautetea uzembe wote. Kuna mchezaji asiye halali kwa upungufu wa karatasi, na kuna asiye halali kwa sababu amehukumiwa. Mwaka 2008 Droylsden, klabu ya daraja la sita, ilikutana na Chesterfield ya daraja la nne katika raundi ya pili ya Kombe la FA. Mechi ya kwanza ilikatishwa na ukungu. Ya pili ikawa sare. Ya marudiano ikakatika taa za uwanja zilipozimika, Droylsden ikiongoza mabao mawili kwa bila. Na ilipochezwa tena, Droylsden ikashinda 2-1, mabao yote mawili yakifungwa na Sean Newton. Furaha haikudumu, kwa kuwa Newton siku ile alikuwa amefungiwa kwa wingi wa kadi za njano. Droylsden ikatolewa, Chesterfield ikasonga mbele. Wapo waliowahurumia, nami niliwahurumia, lakini sioni hukumu nyingine iliyofaa: aliyefungiwa akicheza, kule kufungiwa kwake kumefutwa, na waliofungwa na mabao yake wana haki ya kulalamika.

Tofauti hiyo kwa sasa imekwisha kuingia katika kanuni. Bodi za ligi hizo bado hukata pointi, na zaweza hata kumpa mpinzani pointi za mechi husika, lakini zimeruhusiwa kulegeza adhabu pale ubatili unapotokana na kukosekana kwa hati ya kimataifa, au na mabadiliko ya hadhi ya mchezaji katika klabu yake mwenyewe. Aliyefungiwa hakupewa mlango huo. Na hilo la kumpa mpinzani wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufafanuliwa. Msimu wa 2016/17 Simba, iliyofungwa na Kagera Sugar, ilipewa pointi tatu za mezani kwa hoja kwamba Kagera ilimchezesha mtu mwenye kadi tatu za njano, kisha zikarejeshwa Kagera, na ubingwa ukaenda Yanga kwa tofauti ya mabao tu, yenyewe na Simba kila moja ikiwa na pointi 68.

Katika vilabu hivi vidogo mzigo wote huo humwangukia mtu mmoja, katibu, ambaye aghalabu halipwi, na ambaye kabla ya mchezo huketi na kalamu na karatasi ya timu kwenye meza yenye chai iliyopoa, kocha akimharakisha, refa akingoja. Ikiwa wewe msomaji ndiwe katibu wa timu ya mtaa wenu, na kijana mgeni akaletwa mbele yako akisifiwa miguu yake, usimwulize alikuwa akicheza ligi gani. Mwulize klabu yake ya mwisho iliandikishwa na chama gani, na ana kadi ngapi. Kisha ndipo uliandike jina lake.