Picha za Wazee Ziandikwe Majina

Santu Mofokeng, mpiga picha aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1956, alifanya kazi ambayo kila mzazi yafaa aifahamu. Alizungukia familia za Waafrika wa Afrika ya Kusini akaomba picha za wazee wao zilizopigwa kati ya miaka ya 1890 na 1950. Alizinakili, akaulizia habari za watu waliomo. Kazi hiyo, iliyotimia mwaka 1997, ina slaidi 80.

Wamo mabwana wenye suti na mabibi wenye magauni marefu, wameketi kwa heshima, kama walivyotaka wenyewe kuonekana. Jambo hilo ni zito, kwani sheria ya ubaguzi ya mwaka 1952 iliwalazimisha Waafrika kuchukua kitabu cha kipande chenye picha. Picha ya kipande ilimtambulisha mtu kwa askari. Picha ya nyumbani ilimtambulisha kwa wajukuu.

Hata hivyo, baadhi ya watu hao hawakutambulikana. Sura zimebaki, majina yamepotea.

Jamaa za askari, ambao huhama kambi hata kambi, wana sababu kubwa ya kuzingatia hayo. Bibi angali hai na aulizwe: huyu ni nani, mwana wa nani, alipigwa picha wapi, mwaka gani? Kisha majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino huweza kupenya. Kazi hiyo haihitaji fedha, na hufaa ifanywe wakati mwenye kujua yungali yupo.