Kuhariri Jeni: Je, Ngano Yaweza Kujikinga na Magonjwa?

Mkulima wa ngano wa Njoro, Molo au Mau Narok anaijua vyema gharama ya dawa. Kutu ya shina isipodhibitiwa mapema, punje husinyaa na mavuno ya msimu mzima yanaweza kupotea. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta kinga iliyo ndani ya mmea wenyewe. Njia moja ni kuhariri jeni.

Kuhariri jeni ni nini?

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya mmea, yanayoamua jinsi unavyokua na kukabili magonjwa. Kuhariri ni kukata agizo mahali palipochaguliwa ili lizimike au libadilike. Si lazima kuingiza jeni ya kiumbe kingine, kama ilivyo kwa mazao mengi ya GMO.

Imefaulu wapi?

Mwaka 2014, watafiti nchini China walihariri ngano ili istahimili ubwiri unga, ugonjwa unaofunika majani kwa unga mweupe. Kuvu wa ugonjwa huo hutegemea jeni iitwayo MLO kama mlango wa kuingilia. Ngano ya mkate ina nakala tatu za jeni hiyo, hivyo ilibidi zote tatu zizimwe. Hata hivyo, kuzima MLO kunaweza kudumaza mmea. Mwaka 2022 walitangaza ngano iliyostahimili ugonjwa bila kupunguza mavuno.

Je, kutu nayo?

Kufunga mlango wa ubwiri unga hakuzuii kutu ya shina. Aina ya kutu iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda na kuenea hadi Kenya, ilishinda kinga iliyotegemewa kwa miaka mingi. Katika kituo cha KALRO, Njoro, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kubaini inayostahimili kutu.

Mkulima afanye nini sasa?

Ngano iliyohaririwa haiuzwi nchini. Mwaka 2022, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwongozo wa kukagua mazao ya aina hiyo. Kwa sasa, wakulima wanahimizwa:

• Kupanda mbegu zilizoidhinishwa, za aina zinazostahimili kutu.
• Kukagua shamba mara kwa mara. Madoa ya rangi ya matofali kwenye shina, yanayoacha unga kidoleni, ni dalili ya kutu.
• Kumjulisha afisa wa kilimo wa wadi mara tu dalili zinapoonekana.