Mnara wa Leith Hill

Katika wilaya ya Surrey, kusini mwa London, kipo kilima kiitwacho Leith Hill. Kimo chake ni futi 965 juu ya usawa wa bahari, wala katika wilaya ile hapana kilima kinachokipita. Kileleni pana mnara wa mawe wenye kimo cha futi 64, kadiri ya mnazi mrefu. Basi mtu asimamaye juu yake yu futi 1,029 juu ya bahari.

Mgeni auonapo mnara huo hudhani ni masalio ya ngome, kwa maana ukingo wake wa juu una meno kama ya ngome za kale. Kumbe haukujengwa kwa vita. Waingereza wana jina lao kwa majengo ya namna hii, na maana yake ni upumbavu, kwa kuwa tajiri ametumia fedha nyingi kujenga kitu kisicho na kazi yo yote.

Mjenzi wake alikuwa Richard Hull, bwana wa nyumba ya Leith Hill Place iliyo karibu na hapo. Mnara ulikwisha mwaka 1766. Juu ya mlango Hull aliandikisha maneno ya Kilatini, kwamba ameujenga si kwa furaha yake peke yake, bali kwa furaha ya jirani zake na ya watu wote. Wala hayo hayakuwa maneno matupu. Alitia vyombo katika vyumba viwili, akaweka na darubini ndogo ili wageni watazame mbali. Upumbavu wa jinsi hiyo ni afadhali kuliko busara ya matajiri wengi. Alipokufa mwaka 1772, akazikwa chini ya mnara, kama alivyotaka mwenyewe.

Baada ya kufa kwake mnara ukakosa mtunzaji. Vyombo vikachukuliwa, milango na madirisha yakang'olewa, hata ukawa gofu. Mwisho ukajazwa kifusi na zege ndani, na mlango ukazibwa kwa matofali. Jengo lililofanywa kwa watu wote sasa halikuingiwa na mtu.

Mwaka 1864 bwana mmoja wa jirani, William John Evelyn, akataka kuufungua tena. Akashindwa, kwani zege ilikuwa imeshikamana kama mwamba. Lakini hakukata tamaa; alijenga ubavuni mnara wa pili, mwembamba, wenye ngazi ya kuzunguka ndani yake. Ndiyo sababu mgeni wa leo hupanda kwa ngazi ya Evelyn apate kusimama juu ya mnara wa Hull.

Tangu mwaka 1923 mnara umekuwa mali ya National Trust, chama kitunzacho majengo ya kale na mashamba mazuri ya Uingereza. Siku isiyo na ukungu, mtu aliye juu huona majumba ya London upande wa kaskazini. Akigeuka kusini huona pengo katikati ya vilima, na katika pengo lile, mbali sana, bahari ikimetameta.